Nafasi ya Mgonjwa Ilikuwa Imejaa

Nyumba ile ilikuwa na cherehani moja na mgonjwa mmoja, na kila kitu kilijua mahali pake. Cherehani ilikaa dirishani penye mwanga. Mgonjwa alikaa pembeni, mbali na mwanga, kwa sababu mwanga ndio uliomfanya awe mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Bi Mwavuli. Alizaliwa na ualbino, ngozi kama unga uliochekechwa mara mbili, na jua lilianza kumla tangu utoto, kidogo kidogo, kama panya na gunia: leo upande huu, kesho upande ule. Mwavuli hakuuacha hata akienda chooni, ndipo watoto wa mtaani wakampa jina, naye akalipokea kwa mikono miwili.

"Bora Mwavuli," alisema. "Wangeweza kuniita Choo."

Mwenye cherehani alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kaka mtu alipofariki, watu walikaa mkao wa kutazama nani atahama, maana mawifi wawili chini ya paa moja ni paka wawili ndani ya gunia. Hakuhama mtu. Bi Mwavuli alikuwa mvivu wa kufunga mizigo, na Fundi alikuwa amechoka mno.

Uchovu wa Fundi haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Uliingia siku nyingi, kama rangi inavyoingia kwenye uzi. Fua utakavyofua, hautoki. Alimuuguza mama mkwe mpaka akazikwa. Akamuuguza mume mpaka akazikwa. Mkeka wa matanga haujakunjwa, wifi naye akatokwa na kidonda puani. Fundi akajifunga kanga kiunoni, akasema haya, tuendelee.

Katika kuendelea huko wakatunga utaratibu wao. Macho ya Bi Mwavuli, kama ya wengi wenye hali yake, yalicheza na hayakuona mbali; mtu akisimama hatua chache alikuwa kivuli chenye sauti. Basi asubuhi moja ya kila mwezi aliketi kwenye kigoda, mgongo wazi, na Fundi akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akampitia kama anavyopitia kitambaa dukani akitafuta kasoro. Shingo, nyuma ya masikio, mabega, mikono. Akiona kitu kipya, kigumu, kinachong'aa, chenye magamba au kinachotoa damu, anakizungushia duara kwa chaki ya kukatia nguo, chaki ya bluu. Siku ya kliniki wanakwenda hivyo hivyo, mgonjwa amechorwa kama suti inayongoja kukatwa.

Mara ya kwanza daktari wa ngozi alicheka mpaka akashika meza. Baadaye alizoea. Alikuwa mama wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na kabla ya salamu kuisha alikuwa anauliza: "Haya, leo Fundi kanichorea wapi?"

Daktari huyo ndiye aliyewafundisha kwamba saratani za ngozi hazifanani, na kwamba kubwa ni kujua ipi inakaa na ipi inatembea. Bi Mwavuli akalichukua somo, akalitia chumvi, akawa analifundisha mtaa mzima kutoka kibarazani, chini ya mwavuli wake.

"Wa kwanza," aliwaambia majirani, "ni mgeni mnene. Anang'aa kama shanga. Akikaa kwenye kiti chako amekaa. Atakula polepole, atatoboa kiti, atatoboa sakafu, lakini kwa jirani haendi. Huyu ndiye aliyenila kipande cha pua. Ukimwacha atakula uso mzima, ila ini lako hatalijua hata kwa jina."

"Na wa pili?"

"Wa pili ana magamba, mkavu, mwenye hasira. Kwa kawaida naye anakaa, lakini ukimkawiza anachungulia uani. Anafika kwenye tezi za shingo. Akifika huko, usimwite mgeni, mwite mwenye nyumba."

"Wa tatu je?"

"Huyo sijampata, na msiniombee. Hana makelele. Mweusi, mdogo, mpole, salamu zake nzuri. Hujamletea maji ya kunywa, yuko chumbani. Unamtafuta chumbani, yuko kwenye mapafu, yuko kwenye ini, yuko kichwani."

"Na nyinyi ndio anawapenda?"

"Mimi?" Bi Mwavuli alijishika kifua. "Yule anatoka kwenye kiwanda cha rangi ya ngozi. Changu kilijengwa, lakini hakijawahi kuwashwa. Daktari anasema naweza kumpata, ila ni nadra. Tazameni vyenu, vinavyofanya kazi usiku na mchana."

Majirani wakacheka. Fundi pia alicheka, ndani, dirishani, mguu wake wa kulia ukikanyaga.

Mguu huo hakuuvika kiatu akiwa kazini. Fundi wa zamani anasikia cherehani kwa unyayo, kama mpishi anavyosikia chumvi kwa ulimi. Mvishe kiatu, umemziba. Lakini kanyagio lilikuwa la chuma, na mafuta ya mashine yalichuruzika mpaka pale, kwa hiyo unyayo wake ulishinda mweusi. Jioni aliusugua kwa mafuta ya taa na jiwe, akaosha kwa sabuni, ukarudi rangi yake.

Ila mahali pamoja, karibu na kisigino, hapakurudi.

Alidhani mafuta yameingia kwenye ufa wa ngozi. Akasugua zaidi. Doa likabaki, na badala ya kufifia likapanuka, kingo zake zikienda ovyo, kama wino uliomwagika kwenye kitambaa chepesi. Akabadilisha jiwe. Akalaumu mafuta ya siku hizi, kwamba wafanyabiashara wanachanganya vitu. Mwanamke aliyeweza kuona kijipele kipya cha ukubwa wa punje ya mtama mgongoni mwa wifi yake alilisugua doa lake mwenyewe miezi na miezi, na halikumjia wazo lingine lolote isipokuwa kwamba ni uchafu.

Wazo lilikuja kliniki, na lilimkuta mikono imejaa.

Siku hiyo Bi Mwavuli alikuwa na duara la bluu kwenye sikio. Fundi alisimama ukutani ameshika mkoba wa wifi, mwavuli wa wifi, kofia ya wifi na chupa ya maji ya wifi. Daktari alikuwa na wauguzi wawili wanafunzi, akawaonyesha sikio.

"Hili lina magamba na limeanza kuchimbika. Aina ya pili. Sikioni na mdomoni huwa lina haraka kuliko mahali pengine, kwa hiyo tunakata wiki hii, na shingo tunaipapasa kila anapokuja." Akapapasa. "Safi. Sasa sikilizeni, msije mkadhani ngozi nyeusi haina habari hizi. Rangi inawakinga na jua, kweli. Lakini yule wa tatu, melanoma, kwa watu weusi hahitaji jua. Anaota kwenye unyayo, kwenye kiganja, chini ya kucha. Doa jeusi lisilotoka, linalopanuka, lenye kingo zisizoeleweka. Nao wanatufikia wamechelewa. Mnajua kwa nini?"

Akajijibu mwenyewe:

"Nani anatazama unyayo wake?"

Ndani ya kiatu cha kulia, vidole vya Fundi vilijikunja vyenyewe.

Daktari akainua kichwa, akamwona pale ukutani na mizigo yake. "Na wewe Fundi, mzima?"

"Mzima, daktari." Alijibu haraka, kama mtu anayesukuma mlango kwa kiwiko.

Njiani Bi Mwavuli alisimulia mzaha mmoja kuhusu sikio, kwamba akikatwa lote atavaa kofia ya upande. Fundi aliitikia mahali pa kuitikia. Kichwani alikuwa anapiga hesabu isiyo na tarakimu. Sikio la wifi linakwenda kukatwa, litataka kuoshwa. Sare za shule zimelundikana. Mguu huu ukikatwa, kanyagio litakanyagwa na nani? Na akilala yeye, nani atabeba mkoba? Nyumba ile ilikuwa na nafasi moja ya mgonjwa, na ilikuwa imejaa. Kama jambo lenyewe ni lile, litasubiri. Kama si lile, ya nini kuhangaisha watu? Mtu aliyechoka hufikiri hivyo, na akiwa anafikiri huona ni busara.

Sikio likakatwa ncha yake. Fundi aliliosha, akalifunga kitambaa safi, akarudi kwenye sare. Lakini doa sasa lilikuwa limeanza kutoa majimaji, na kila kanyagio lilipopanda lilimgusa hapo hapo. Akahamia mguu wa kushoto. Akavaa soksi, akasema ni baridi.

Bi Mwavuli, kitambaa kichwani kama mwenye kuumwa jino, alikaa pembeni kwake siku kadhaa bila kusema neno. Kwake hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko upasuaji. Mwishowe akashindwa.

"Wifi."

"Abee."

"Wiki hii nina sikio moja tu la kazi. Na hilo moja linaniambia cherehani inachechemea."

"Inataka mafuta."

"Cherehani ikitaka mafuta inalia. Hii hailii, inachechemea. Unakanyaga kwa mguu gani?"

"Kwa mguu wangu."

"Una miwili, labda mmoja umeuza. Wa kulia una nini?"

"Umri tu, wifi."

"Umri hauji mguu mmoja mmoja. Vua soksi."

"Nina kazi mimi."

"Vua, au nakuja huko kwenye mwanga bila kofia, na ukiniua kwa jua utajieleza mwenyewe kwa daktari."

Fundi alikuwa anajua vitisho vya wifi yake. Vingi vilikuwa hewa. Hiki alikuwa anaweza kukitimiza kwa ukaidi tu. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akavua.

Bi Mwavuli akaja, akashuka sakafuni kwa kuugulia, goti hili kisha lile, akaukamata mguu kwa mikono miwili na kuusogeza usoni, maana asingeuona hivi hivi. Pua yake ilikaribia kugusa unyayo.

"Mbona kama unataka kuubusu?" Fundi alijaribu mzaha.

"Nikiubusu nitatangulia mimi. Unanuka mafuta ya taa. Kwa nini?"

"Nasugua."

"Unasugua nini?"

Fundi akauvuta mguu, haukuachiwa.

Bi Mwavuli akageuza mguu upande huu na upande ule, macho yakicheza, akayalazimisha yatulie. Akapitisha kidole pembezoni mwa doa, taratibu, kama kipofu anayesoma uso wa mtu.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Mvua ipi?"

"Ile ya mwaka jana."

"Nipe chaki."

"Wifi, bwana..."

"Nipe chaki!"

Akapewa. Akachora duara bovu, lililozunguka kisigino kizima na kupanda mpaka kwenye kifundo.

"Umechora mguu wote," alisema Fundi.

"Ndiyo. Sitaki mtu aseme hakuona." Kisha akamtupia chaki mapajani. "Mwizi wewe."

"Nimekuibia nini?"

"Ugonjwa. Nyumba hii mgonjwa ni mimi. Umeona nina aina mbili, ukakimbilia ya tatu ili unipite!" Alianza kwa mzaha, lakini katikati sauti ilimvunjikia. Akajifuta kwa upande wa kanga. "Mgongo wangu umeusoma kama kitabu miaka yote hii. Wako mwenyewe hujafungua hata ukurasa. Na siku ile daktari alisema, ulikuwepo. Nilikuwa nimekaa palepale na masikio yangu mawili. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Sasa nani angekuosha sikio?"

"Lingeoza! Ni sikio! Lipo lingine!"

Wakakaa hivyo, mmoja sakafuni, mmoja kwenye kiti cha cherehani, mguu katikati yao kama mtoto wanayegombea. Mwisho Fundi akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba sare za shule zinatakiwa Jumatatu. Bi Mwavuli akamjibu kwamba watoto wasome uchi.

Daktari alipoona duara kwenye kifundo hakucheka. Alilala nusu juu ya kitanda, akatazama doa kwa lenzi yenye taa, akatazama tena. Akapapasa kinena, mahali ambapo tezi za mguu zinakusanyika, akiangalia dari kama anayesikiliza mtu wa ghorofa ya juu. Akachoma ganzi, akakata kinyama kidogo, akakitia kwenye kichupa.

Siku za kungoja jibu Bi Mwavuli hakusimulia habari za wageni wake kibarazani. Majirani walipomwomba, alisema amesahau.

Jibu likaja. Safari hii Fundi ndiye aliyekaa kwenye kiti, na Bi Mwavuli alisimama ukutani ameshika mkoba wa wifi yake, vidole vimeubana kama kuku wa kuazima.

"Sitakuzungusha," daktari alisema. "Ni melanoma."

"Ule wa kusafiri," alisema Fundi.

"Ule unaoweza kusafiri. Si kila mmoja anasafiri. Jina tumeshalijua, sasa tunatazama kina. Tunapima doa limeshuka kiasi gani ndani ya ngozi. Likiwa jembamba, mara nyingi tunalikata na habari inaishia hapo. Kadiri linavyonenepa ndivyo linavyopata njia za kwenda kwenye tezi, na kutoka kwenye tezi kwenda mbali."

"Langu?"

"La katikati. Ungekuja mapema, labda ningekwambia jembamba."

"Nilikuja," alisema Fundi. "Nilikuwa nimebeba mkoba."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Daktari aliinamisha macho mekundu, akapanga kalamu zake mbili sambamba.

"Kweli," alisema. "Nikakuuliza mzima, ukasema mzima, nikafurahi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu."

Wakakata unyayo kwa upana, wakachukua ngozi ya paja wakaziba. Wakatoa na tezi ya kwanza ya kinena, ile ambayo maji ya mguu huifikia kabla ya nyingine, ili waone kama kuna kilichopita. Wodini Bi Mwavuli aligombana na muuguzi kila saa ya kutazama wagonjwa. Muuguzi akimwona na kitambaa sikioni alitaka kumlaza. Yeye akijieleza kwamba amekuja kumtazama mtu, muuguzi alitaka kumtoa.

Siku ya bandeji kubwa kutolewa daktari akaja na habari, akavuta kiti, na Fundi akajua kwamba mtu mwenye habari njema huzisema akiwa bado mlangoni.

"Tezi ile moja ina chembe chache za saratani. Chache. Mapafu tumepiga picha, hayana kitu. Ini halina kitu. Kwa sasa. Kuna dawa tutaanza, na utakuja hapa mara nyingi mpaka unichoke."

"Nitapona?"

"Sijui, mama. Wako wanaoishi miaka mingi wakiwa na hali kama yako. Wako ambao inarudi. Ningejua wewe ni yupi ningekwambia leo hii."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Alimshukuru. Akamuuliza kama yeye mwenyewe amekula, maana midomo yake ilikuwa mikavu. Daktari akasimama haraka, akasema atakula.

Wakarudi nyumbani. Bi Mwavuli akakisukuma kitanda cha Fundi mpaka chumba cha mbele, akakalia ukingo wake akihema, akatangaza kwamba kuanzia leo yeye ndiye mwenye zamu. Chai ya kwanza aliyopika ilikuwa na chumvi. Fundi akainywa yote.

Siku ya pili, jua la mchana likiwa kali, mlango ukagongwa. Fundi aliijua sauti. Ni mwalimu wa jirani, amefuata suruali yake. Mwili ukaanza kuinuka wenyewe kabla hajauambia. Mguu ukamrudisha. Akalala akitazama mbao za dari, akasubiri wifi aseme lile linalosemwa siku zote, kwamba fundi hajambo, ametoka kidogo, rudi jioni utaikuta tayari.

"Fundi yupo?"

"Yupo. Amelala."

"Mchana huu? Anaumwa?"

Bi Mwavuli akajiegemeza mlangoni. Fundi aliona kivuli cha kofia yake kikijaza kizingiti.

"Anaumwa," alisema. "Anaumwa sana, na anaumwa vizuri. Rudi mwezi ujao. Ukiwa na haraka, jifunge shuka."

"Lakini bibi, si wewe ndiye ulikuwa..."

"Mwalimu, mimi nimepewa likizo. Nenda kwa amani."

Mlango ukafungwa. Fundi alicheka, na kicheko kikamvuta mshono wa kinena, akashika tumbo, akacheka tena na machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke masikioni kwa sababu mikono ilikuwa mizito kuinua.

"Wifi," aliita.

"Nini tena?"

"Nimechoka."

Hakuwahi kulisema neno hilo. Kwa mama mkwe hakulisema, wala kwa marehemu. Likatoka dogo, likabaki hewani.

"Najua," alisema Bi Mwavuli kutoka jikoni. "Choka taratibu. Hakuna anayekufukuza."

Kisha kitu kikaanza kuungua huko. Fundi aliisikia harufu, akajua ni sufuria ipi, akajua na kifuniko chake kiko wapi. Akageukia ukutani, akalala.